Mhitimu Mpya Kazini: Kuipokea Kazi, Kuifanya na Kuikabidhi

Chuoni swali humfikia mwanafunzi likiwa limekamilika. Takwimu zote zinazohitajika zimo, alama zimeandikwa pembeni, tarehe ya kukusanya inajulikana tangu mwanzo wa muhula, na mwalimu aliyelitunga ana jibu lake tayari. Kazini swali huja nusu. Msimamizi anapita mezani, simu ikiwa sikioni, na kusema, "Hebu niangalizie mauzo ya robo iliyopita, nina kikao Alhamisi." Hakusema mauzo ya bidhaa zipi, yapimwe kwa fedha au kwa idadi, yalinganishwe na nini, wala kama anataka sentensi tatu au kurasa kumi. Hakukusudia kuficha. Ama hajayafikiria bado, ama anadhani kila mtu anayajua.

Sisi tunaopokea wahitimu na kuwasimamia miezi yao ya kwanza tunaona wengi wakikwama hapo, si kwenye elimu waliyokuja nayo. Elimu wanayo. Kinachopungua ni namna ya kuipokea kazi hadi ieleweke, kuifanya kwa njia ambayo mwingine anaweza kuikagua, na kuikabidhi ili aliyeiomba aitumie bila kurudi kuuliza. Chuoni hayo hayakuhitajika sana, kwa sababu kazi ilikuwa inakufa siku iliposahihishwa. Kazini jedwali lako linaingia kwenye ripoti ya mwenzako, ripoti inaingia kwenye uamuzi, na uamuzi unagusa fedha au watu. Kosa dogo halibaki mezani kwako.

Kuipokea kazi

Kabla msimamizi hajaondoka, hakikisha umepata mambo haya: nani atakayeitumia kazi hii na ataamua nini kwayo, itakuwa na sura gani (ukurasa mmoja, jedwali, slaidi, au jibu la mdomo), inatakiwa siku gani na saa ngapi, na takwimu zake ziko wapi au kwa nani. Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukishajua kwamba mauzo yale yanatakiwa ili kuamua kama tawi fulani lifungwe, utajua mwenyewe kwamba jumla ya kampuni nzima haina maana. Linalotakiwa ni tawi hilo, mwezi kwa mwezi, kwa kulinganisha na mwaka uliotangulia.

Kisha rudia ulichosikia kwa maneno yako. Marubani hawafanyi hivyo kwa adabu tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito na yalikuwapo mengine yaliyochangia, lakini kiini cha ajali kilikuwa maneno yaliyoeleweka kwa namna mbili: ndege moja ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, rubani wake akaanza kuruka, na mnara wa kuongozea ndege ukaipokea kauli yake kana kwamba bado anasubiri. Baada ya hapo kanuni za mawasiliano ya anga zilikazwa. Neno la kuruka hutajwa tu pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na rubani hurudia maagizo muhimu ili mnara usikie alichoelewa. Kusema "sawa" hakutoshi, kwa sababu "sawa" haimwonyeshi mwenzako kilichoingia kichwani mwako.

Ofisini njia nyepesi ni ujumbe mfupi ndani ya saa moja baada ya kupewa kazi. Mistari minne inatosha: "Habari za asubuhi. Nimeelewa hivi: unahitaji mauzo ya tawi la kaskazini, Julai hadi Septemba, kwa fedha, yakilinganishwa na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana. Nitaandaa jedwali moja na maelezo ya nusu ukurasa. Utalipata Jumatano saa tisa alasiri. Marejesho ya bidhaa nitayatoa kwenye jumla, isipokuwa ukisema vinginevyo." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Inamwonyesha jambo ambalo hakulifikiria, na inampa nafasi ya kukurekebisha kabla hujapoteza siku mbili.

Wengi huogopa kwamba kuuliza kutawafanya waonekane wazito wa kuelewa. Swali lile lile lina uzito tofauti kulingana na siku linapoulizwa. Saa ya kwanza ni ishara ya makini. Siku ya tano, kazi ikiwa karibu kuisha, ni habari mbaya. Uliza mapema, uliza yote kwa pamoja, na jibu liandike kwenye daftari lenye tarehe. Msimamizi huvumilia maswali mengi sana; asichokivumilia ni swali moja kuulizwa mara tatu.

Kuna hatua nyingine ambayo wahitimu huiruka karibu wote, nayo ni kuonyesha mifupa ya kazi kabla ya kuijaza nyama. Kama umepewa wiki moja, mwisho wa siku ya kwanza peleka ukurasa wenye vichwa vya sehemu tu, au jedwali lenye majina ya safu na mistari michache iliyojazwa. Uliza: "Ndiyo sura unayoitaka?" Dakika tano za msimamizi siku hiyo huokoa siku nne zako. Hofu ya kuonyesha kitu kisichokamilika inatoka chuoni, ambako rasimu mbovu ilikatwa alama. Huku rasimu ya mapema haikatwi alama. Kazi iliyokamilika vizuri lakini si ile iliyoombwa ndiyo inayotupwa.

Kukwama, na kukadiria muda

Utakwama. Jiwekee kikomo: ukitumia kama nusu saa kwenye tatizo lile lile bila kusogea, tafuta msaada. Muda huo unatosha kusoma maelekezo, kutafuta kwenye mafaili ya zamani na kujaribu njia mbili. Ukienda kuuliza kabla yake unamfanya mwenzako akutafutie. Ukikaa siku nzima, unachoma muda ambao kampuni imeulipia.

Namna ya kuuliza ina umbo lake. Sema ulitaka kufanya nini, ulifanya nini hasa, kilitokea nini (kama programu imetoa ujumbe wa hitilafu, unukuu neno kwa neno), na unadhani tatizo liko wapi. "Mfumo haufanyi kazi" haijibiki. "Nikibonyeza kuhifadhi kwenye fomu ya wateja wapya unatokea ujumbe kwamba namba ya usajili imeshatumika, ingawa nimeitafuta kwenye orodha sijaiona, nadhani labda mteja alifutwa lakini namba yake ikabaki" inajibika kwa dakika moja. Na mara nyingi sana, mtu akishaiandika hivyo anaona jibu mwenyewe kabla ya kuituma.

Kuhusu muda, binadamu hukadiria vibaya, na wahitimu zaidi kwa sababu kazi zenyewe hawajawahi kuzifanya. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha mwaka 1994 utafiti uliohusu wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 33.9. Walimaliza kwa siku 55.5. La kufundisha zaidi ni kwamba waliombwa pia wakadirie muda endapo kila kitu kingekwenda vibaya kadiri inavyowezekana. Walisema siku 48.6, na hata hizo hazikutosha. Sababu ni kwamba mtu akikadiria huiona kazi yenyewe ikitiririka, haoni umeme kukatika, mwenye faili kuwa safarini, wala kazi nyingine tatu zitakazoingia katikati.

Dawa yake si kuongeza siku kwa kubahatisha. Ivunje kazi hadi vipande visivyozidi nusu siku kila kimoja. Kipande usichoweza kukivunja ni kipande usichokielewa, na hicho ndicho cha kuulizia. Andika kando muda wa kusubiri wengine: sahihi, idhini, takwimu kutoka idara nyingine. Sehemu hiyo huwa ndefu kuliko kazi yenyewe, na ndiyo inayosahaulika. Kwa hiyo maombi kwa wengine yatume kwanza, kabla hujaanza chochote. Kisha kila kazi ikiisha, andika uliikadiria saa ngapi na imechukua saa ngapi. Baada ya miezi michache utajua kama huwa unazidisha mara moja na nusu au mara mbili, na makadirio yako yataaminika.

Ukiona utachelewa, sema siku ulipoiona dalili, usingoje siku ya kukabidhi. Taarifa ya kuchelewa inahitaji vitu vinne tu: nini kitachelewa, kwa muda gani, sababu kwa mstari mmoja, na njia mbili za kuchagua. "Jedwali la Jumatano halitakamilika kwa sababu takwimu za Agosti bado hazijafika. Naweza kukupa Julai na Septemba Jumatano, au miezi yote mitatu Ijumaa asubuhi. Ipi itakufaa?" Msimamizi mwenye siku mbili mkononi anaweza kuhamisha kikao au kupiga simu moja inayofungua njia. Mwenye saa moja hana la kufanya ila kukasirika. Na neno "nitajitahidi" liondoe kabisa kwenye ahadi zako. Halina tarehe, na kila anayelisikia hulipa maana anayoitaka yeye.

Takwimu na majedwali

Hapa inafaa kukaa, kwa sababu karibu kila mhitimu, awe wa sheria, kilimo, uuguzi au uhasibu, atakabidhiwa jedwali la Excel au mfano wake, na karibu kila mmoja atasema analijua. Kujua kujumlisha safu si kulijua.

Anza kwa kuhifadhi takwimu ghafi kwenye laha yake (ukurasa mmoja ndani ya faili la Excel), na usiiguse kamwe. Hesabu zote zifanyike kwenye laha nyingine inayoisoma ile ya kwanza. Ukikosea, una pa kurudi. Ukiulizwa namba imetoka wapi, una pa kuonyesha. Kila mstari uwe tukio moja, kila safu iwe aina moja ya taarifa, na kichwa cha safu kitaje kipimo: si "uzito" bali "uzito (kg)". Rangi zisibebe maana peke yake. Ukiwapaka njano wateja wenye madeni, fomula haiwezi kuhesabu njano. Ongeza safu ya "deni" yenye ndiyo au hapana. Usiunganishe visanduku katikati ya takwimu, maana upangaji na uchujaji utavurugika.

Tarehe ni mtego. 03/07 ni Machi kwa mmoja na Julai kwa mwingine, na kompyuta itachagua kufuatana na mipangilio yake bila kukuuliza. Andika mwaka, mwezi, siku, kama 2024-07-03, utaratibu wa kimataifa wa ISO 8601. Una faida ya ziada kwamba mafaili yaliyopewa majina hivyo yanajipanga yenyewe. Na programu hupenda kugeuza vitu kuwa tarehe hata visivyokuwa. Wanasayansi wa jeni walisumbuliwa miaka mingi na Excel iliyokuwa ikiyageuza majina kama MARCH1 na SEPT1 kuwa siku za Machi na Septemba, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilipotangaza miongozo mipya, na jeni hizo zikaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Ilikuwa rahisi kubadili majina ya jeni kuliko kubadili tabia ya programu.

Namba za simu na vitambulisho ziingize kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 itaharibika kabisa, kwa sababu Excel huhifadhi tarakimu 15 tu na zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 hupoteza ya mwisho, na hakuna onyo lolote.

Hakuna onyo. Hilo ndilo la kushika. Mwaka 2020, nchini Uingereza, majibu 15,841 ya vipimo vya Uviko-19 yaliachwa nje ya hesabu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ukachelewa. Majibu yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, wenye mwisho wake kwenye mstari wa 65,536. Muundo mpya hufika mistari 1,048,576. Faili lilijaa, yaliyozidi yakadondoka, na kazi ikaendelea kama kawaida. Kinga yake ni kitendo cha sekunde kumi: hesabu mistari kabla ya kuhamisha na baada ya kuhamisha. Zikitofautiana, simama.

Ukaguzi mwingine ufanye kila mara kabla ya kukabidhi. Linganisha jumla yako na namba inayojulikana kutoka kwingine, kama vile taarifa ya benki au ripoti ya mwezi uliopita. Chagua mistari mitatu na uikokotoe kwa mkono. Bofya fomula ya jumla uone kwa macho imefika mstari wa mwisho. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi iliyonukuliwa sana na wanasiasa. Miaka mitatu baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alikuwa akijaribu kurudia hesabu hizo kama kazi ya darasani. Alipolipata faili lao aliona fomula ya wastani imeishia njiani, ikaacha nchi 5 kati ya 20. Pamoja na dosari nyingine alizozibainisha na walimu wake, ukuaji wa nchi zenye madeni makubwa zaidi uliotajwa kuwa hasi asilimia 0.1 ulikuwa chanya asilimia 2.2. Mhitimu asidhani kukagua kazi ya wakubwa ni utovu wa nidhamu. Uliza kwa heshima na uonyeshe kisanduku chenyewe: "Naomba unisaidie kuelewa, fomula hii inaishia mstari wa 44 lakini takwimu zinaendelea hadi wa 49."

Vipimo navyo vitajwe kila vinapovuka mkono mmoja kwenda mwingine. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa pauni na nyingine ikausoma kama nyutoni, tofauti ya zaidi ya mara nne. Kila upande ulikuwa na hesabu sahihi kwa kipimo chake.

Programu za akili bandia zimeongeza sura nyingine ya tatizo hili. Zinasaidia kweli: kupanga rasimu, kueleza fomula, kufupisha waraka mrefu. Lakini zinaandika uongo kwa lugha ile ile nzuri zinayoandikia ukweli. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Kosa lao kubwa halikuwa kuitumia, bali kutofungua hata kesi moja kuthibitisha. Kila namba, jina na kanuni iliyotoka humo itafute kwenye chanzo chake. Na usibandike humo majina ya wateja, mishahara, rekodi za wagonjwa wala mikataba bila ruhusa. Kilichokwenda kwenye seva ya wengine hakirudi.

Barua pepe na vikao

Kichwa cha barua pepe kibebe ombi na tarehe: "Idhini ya bajeti ya mafunzo: naomba kabla ya Ijumaa tarehe 14". Kichwa kama "Habari" au "Muhimu" humlazimisha msomaji afungue ili ajue kama anahusika. Baada ya salamu, sentensi ya kwanza iseme unachotaka; sababu zifuate. Wahitimu hufanya kinyume, kwa sababu insha iliwafundisha kujenga hoja hadi hitimisho, na msimamizi anayesoma kwenye simu hafiki mwisho. Barua moja, jambo moja. Ukiweka maombi matatu utajibiwa moja, kwa kawaida lile jepesi.

Unayemwandikia ndiye anayetakiwa kutenda. Wa nakala ni wa kujua tu. Kumweka bosi wa mwenzako kwenye nakala ili mwenzako aharakishe ni tendo zito, na watu hulikumbuka kwa muda mrefu. Mpigie simu kwanza. Anwani ya mpokeaji ijaze mwisho kabisa, baada ya kuandika, kusoma na kufungua kiambatisho uone ndicho chenyewe. Na faili liitwe kwa tarehe, jambo na toleo, kwa mfano 2024-10-09_mauzo_kaskazini_t2. Majina kama "ripoti mwisho" na "ripoti mwisho kabisa" yameshasababisha toleo lisilo sahihi kupelekwa kwa mteja mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Kikaoni, mgeni hana haja ya kuongea sana, ila ajitolee kuandika kumbukumbu. Wengi huona ni kazi ya chini. Ni njia ya haraka kuliko zote ya kujua nani anaamua nini na kwa nini. Usiandike kila kilichosemwa. Andika kilichoamuliwa, nani atafanya, na lini. Uamuzi ukikosa jina, uliza kabla watu hawajanyanyuka: "Hili la kumtafuta mzabuni linabaki kwa nani?" Tuma siku hiyo hiyo, kabla kila mtu hajaanza kukumbuka kivyake.

Kukosolewa na kukosea

Kazi yako itarudishwa ikiwa na wino mwingi mwekundu. Usijitetee papo hapo na usiombe radhi mfululizo. Vyote viwili humzuia mtu kusema la pili na la tatu. Ukiambiwa jambo la jumla, kama "andiko lako halina mpangilio", omba mfano mmoja: "Ni sehemu gani iliyokupoteza?" Kisha masahihisho yote yaingie kwenye orodha moja unayoipitia kabla ya kila makabidhiano. Ukiwa umeambiwa mara moja kwamba majedwali yako hayana vyanzo, lisirudi tena. Msimamizi anayeona kosa jipya kila mara anajua unakua, na anayeona lile lile kwa mara ya tatu huanza kukupa kazi ndogo zaidi, kimya kimya, bila kukuambia sababu. Hili linatusikitisha kuliko mengine yote, kwa sababu kijana anabaki akisubiri nafasi asijue mlango ulifungwa wapi.

Ukigundua umekosea kitu kilichokwisha kutoka, toa taarifa kabla hakijagunduliwa na mwingine. Sema kosa ni lipi, limemfikia nani, umeshafanya nini kulizuia, na unahitaji uamuzi gani. Maelezo ya jinsi lilivyotokea yaje baadaye, kosa likishadhibitiwa. Bei iliyokosewa kwenye nukuu ya mteja, ikisemwa ndani ya saa moja, inafutwa kwa simu moja. Ikigundulika baada ya mteja kusaini, ni mazungumzo ya wanasheria.

Wafahamu pia watu ambao chati ya uongozi haiwapi nafasi kubwa: mtunza kumbukumbu, karani wa malipo, fundi wa kompyuta, mpokezi, dereva. Wao ndio wanaojua fomu ipi inakwama kwa sababu ya sahihi ipi, na malipo hupitishwa siku gani ya wiki. Wasalimie kila siku, si siku unapokuwa na shida. Maombi yako yafikishe mapema yakiwa kamili, maana karani aliyerudisha fomu yako mara mbili kwa kukosa kiambatisho ataiweka chini ya rundo.

Kuweka rekodi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi vilevile. Kila Ijumaa tumia dakika kumi kuandika ulichokamilisha, kwa namba inapowezekana. Kilichokwama na kinamsubiri nani. Na utakachoanza Jumatatu. Mtumie msimamizi kama mistari sita. Asipojibu usivunjike moyo, anasoma. Ukifika wakati wa tathmini ya mwaka, au wa kuomba nyongeza, hutalazimika kukumbuka. Utafungua daftari na kusema kwamba malalamiko ya ankara yalikuwa kadhaa kwa mwezi na sasa ni mangapi, na nani anaweza kuthibitisha. Wasiokuwa na rekodi husema "nimefanya kazi kwa bidii", jambo ambalo kila mtu kwenye foleni ile atalisema.

Daftari hilo ndilo litakalokusaidia pia kukabidhi, iwe unakwenda likizo au unahamia idara nyingine. Hati ya makabidhiano iwe na orodha ya kazi zilizo wazi, kila moja na hatua ilipofikia, hatua inayofuata na tarehe yake. Mafaili yako wapi. Nani wa kumpigia kwa jambo lipi. Na yale ambayo hayajaandikwa popote, kama vile mteja anayependa simu kuliko barua, au ripoti inayokataa kufunguka mpaka laha fulani ifunguliwe kwanza. Nywila zisiandikwe humo. Anayepokea aombewe ruhusa rasmi ya kuingia. Iandike siku tatu kabla, si alasiri ya mwisho. Kisha mkalishe anayepokea kwenye kompyuta, afanye kazi moja kwa kufuata hati hiyo wewe ukiwa umenyamaza pembeni, na kila atakapokwama urekebishe hati.